Burguret: Njia Iliyomezwa na Mianzi

Hotuba iliyotolewa Nanyuki mbele ya wapanda milima, waelekezi na wapagazi

Bwana mwenyekiti, wazee wetu mliotoka Gathiuru na Naro Moru tangu alfajiri kwa ajili ya shughuli hii, akina mama, waelekezi wenzangu, wapagazi, na nyinyi vijana mliopanda matatu usiku kutoka Nairobi: hamjambo? Asanteni kwa kuja, na poleni na safari.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanda mlima. Mlima wenyewe, Mlima Kenya, uko hapo dirishani, ingawa leo umejifunika wingu. Nitasema juu ya njia moja tu. Wengi wenu hamjaikanyaga, na wengine mmezaliwa kilomita chache kutoka inapoanzia bila kujua kwamba ipo. Mimi nimeitembea miaka mingi na naiona ikifungika. Tena niliwahi kuiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, na hilo nitalieleza, maana sipendi kuwahimiza watu waende mahali nikiwa nimewaficha jambo.

Njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria mnazijua. Zina malango, zina vibao, zina mahali gari linafika. Burguret iko upande huu wetu wa magharibi, katikati ya Naro Moru na Sirimon. Inaanzia msitu wa Gathiuru na kupanda na mto ulioipa jina, mto ambao maji yake yanakwenda Ewaso Ng'iro na kunywewa na ngamia wa watu ambao hawajawahi kuuona mlima huu kwa karibu. Ukiifuata mpaka juu inakutoa kwenye majabali ya Highland Castle, halafu kwenye ziwa dogo la Hut Tarn, mita karibu 4,490, na hapo unaungana na njia inayozunguka vilele. Batian yenye mita 5,199 na Nelion yenye 5,188 zinataka kamba na watu waliofundishwa. Sisi wa miguu tunakwenda Lenana, mita 4,985, na panatosha.

Kwa hesabu ya ramani si njia ndefu. Shida yake ni mianzi.

Ukitoka Gathiuru unapita kwanza katika misipresi na mipaini iliyopandwa kwa safu, halafu unaingia msitu wa asili: mierezi, ambayo sisi huku twaiita mutarakwa, na mithengera minene ambayo watu watatu hawawezi kuishika wakikumbatiana. Hapo bado unatembea ukiwa umenyoosha mgongo. Ukikaribia mita 2,500 unaona mwanzi mmoja, kisha kumi, kisha huoni kingine. Mwanga unageuka kijani. Mbingu inapotea. Upepo ukipita juu, mianzi inagongana, na mgeni anayeisikia mara ya kwanza husimama akidhani kuna mtu anakata kuni. Iliyozeeka imeanguka na kulaliana, mwingine umelala kwa goti, mwingine kwa kifua, mwingine kwa paji la uso. Unaruka mmoja, unainama chini ya wa pili, na wa tatu unakunasa mzigo kwa nyuma. Chini majani makavu yanateleza kama yamepakwa mafuta. Watu wenye nguvu zao, waliozoea kukimbia barabarani kila asubuhi, wanaweza kumaliza saa nzima wakasogea mita mia chache tu.

Na ukifyeka, hujamaliza. Mwanzi hauulizi ruhusa. Fyeka Februari, acha mvua za Aprili zipite, rudi Julai: machipukizi yamefika kifuani na yale yaliyobaki pembeni yamelala juu ya njia. Msimu mmoja watu wakiacha kupita, unahitaji panga. Misimu mitatu, unahitaji mtu anayekumbuka. Na wanaokumbuka njia hii tunahesabika. Baadhi yao wamekaa hapa mbele yenu, na ninyi vijana mnaweza kuona mvi zao wenyewe.

Sasa, nani aliifungua? Swali hili wageni huniuliza kila mara, na wanategemea nitaje Mzungu. Jibu ni kwamba mhandisi wa kwanza wa Burguret ni ndovu. Sehemu nyingi za chini tunazoziita njia ni za kwao. Ndovu hapandi mlima kwa kichwa kama sisi. Anazunguka, anatafuta mteremko ambao mwili wake mzito unauweza, na mahali pa kuvukia mto anapajua kuliko ramani yoyote. Wazee waliokuwa wakitundika mizinga ya nyuki waliwafuata ndovu, wawindaji wakawafuata warina asali, na sisi tukawafuata wote hao.

Kwa hiyo tunapopita mle tuko kwa watu. Mwelekezi anayejua kazi yake akikuta kinyesi cha ndovu anainama na kuweka kiganja juu yake bila kukigusa. Kama bado kuna joto, anainua mkono, na kundi zima linanyamaza. Hakuna kupiga picha, hakuna kunong'ona. Tunasikiliza. Ndovu akisimama ndani ya mianzi hatua ishirini kutoka kwako huwezi kumwona, lakini utasikia tumbo lake likinguruma taratibu, kama gari lililosimama na injini inawaka. Ukisikia hivyo, unarudi ulikotoka, polepole, ukiangalia upepo unavuma kuelekea wapi. Mbogo yeye hata hiyo taarifa hakupi. Nimewahi kukaa na wageni sita saa mbili nzima juu ya mti ulioanguka, mvua inatunyea, tukisubiri mbogo mmoja dume aamue kwenda zake. Aliyekuwa na haraka siku hiyo alijifunza subira.

Wazee wangu, naomba sasa niingie katika jambo lililonileta hapa.

Mnajua kwamba Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mwaka uliofuata misitu ya mlima huu na ya Nyandarua ikapigwa marufuku: mtu akionekana ndani, apigwe risasi. Vijana wetu wa Mau Mau, waliokuwa wakiupigania uhuru, walikuwa wameshaingia. Upande huu wa Mlima Kenya waliongozwa na Waruhiu Itote, ambaye dunia inamjua kwa jina la Jenerali China, mpaka alipokamatwa Januari 1954. Ndege zilidondosha mabomu juu ya mianzi hii. Mnaweza kufikiri ni nini kulala katika msitu ule usiku, baridi ya mita 3,000, huna blanketi, huwezi kuwasha moto mkubwa kwa sababu moshi utakusaliti asubuhi, na perere, yule mnyama mdogo wa mtini, analia juu ya mti kama mtu anayechinjwa.

Wapiganaji walitembea bila kuacha alama. Waliokuwa kwenye misafara walisimulia jinsi wa mwisho alivyorudisha majani yaliyopinda na kufuta nyayo, jinsi walivyoingia mtoni na kupanda ndani ya maji ili mbwa wapoteze harufu, na wakati mwingine jinsi walivyotembea kinyumenyume ili anayewafuatia aende upande usio wao. Kambi yao waliiita mbuci. Njia iliyokwenda mbuci ilitakiwa isionekane. Fikirini hilo: sisi leo tunahangaika njia isipotee, na wao walihangaika isionekane, na ni msitu ule ule.

Ukipita mianzi, kabla ya kutoka kabisa kwenye miti, kuna mapango ambayo wenyeji wanayaita ya Mau Mau. Mara ya kwanza nilipelekwa pale na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Hakuniambia tunakwenda wapi. Alivua kofia nje, akainama, akaingia. Ndani panatosha watu kumi wakikaa wamebanana. Dari ni nyeusi kwa moshi, weusi uliokolea ambao ukiupitishia kidole hautoki. Upande mmoja kuna mawe yamepangwa kwa mkono, kimo cha goti, kuzuia upepo. Maji yanadondoka kwenye kona, tone moja, unasubiri, tone jingine, na chini yake jiwe limechimbika kikombe. Mzee aliweka midomo pale akanywa, akanionyesha nami ninywe. Tukakaa kimya muda mrefu. Alipotoka alivaa kofia yake tukaendelea na safari, na mpaka tunashuka hakusema neno juu ya mahali pale.

Nasema kwa uchungu: nilirudi pale miaka michache baadaye nikakuta watu wameandika majina yao ukutani kwa rangi. Siwataji, sikuja kuwashtaki. Lakini nyinyi mnaonisikia, mkifika pale, mikono yenu ikae mifukoni.

Nilikuwa na nyanya yangu mzaa baba. Tulimwita shosho kama watoto wote wa huku. Wakati wa hali ya hatari alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Alibeba chakula kupeleka pembeni mwa msitu, githeri chini ya kiondo na juu yake maganda ya viazi, ili askari wa gadi, wale walinzi wenyeji wa serikali ya kikoloni, akimuuliza aseme anapelekea mbuzi. Aliacha kiondo kwenye kisiki fulani na kurudi bila kugeuka. Kesho yake kiondo kilikuwa kitupu, kimesimamishwa wima. Hakuwahi kumwona aliyekula. Kwa miezi mingi alilisha watu ambao alijua tu kwamba wako hai kwa sababu kiondo kilikuwa kitupu.

Kisha likaja handaki.

Vijana wengi hawajui habari hii, na haifundishwi inavyostahili. Wakoloni waliamua kuutenga msitu na watu. Mwaka 1954 wakaanza kuwahamisha watu wetu kwa nguvu na kuwapanga katika vijiji vyenye uzio na ulinzi. Na ukingoni mwa msitu wa mlima huu likachimbwa handaki la maili nyingi, refu kwenda chini, pana kiasi mtu asiweze kuruka. Waliochimba ni raia, kwa kulazimishwa, na wengi wao walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Shosho alichimba. Alinionyesha mkono wake wa kulia, jinsi kidole cha pete hakikunjuki. Alisema walipomaliza kimo kilichotakiwa, walitumwa wakate mianzi. Waliikata kwa mshazari, ncha kali, wakaipanda chini ya handaki na ncha zikiangalia juu, ili atakayeanguka atobolewe.

Nilimuuliza, shosho, mlijua mnawachimbia nani? Akaniambia: "Tulijua. Mimi nilikuwa nachonga huku nakiona kile kiondo."

Baada ya hapo chakula hakikupita tena. Njia ya chini, ile ya kutoka kijijini mpaka kisiki, ikafa. Watu wakisema Burguret ni njia iliyosahauliwa, mimi huona neno hilo halitoshi. Ilikatwa. Kusahau kulikuja baadaye, watoto walipokua katika vijiji vile wakiambiwa msitu ni mahali pa kufa, na waliojua njia wakanyamaza, wengine kwa hofu, wengine kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, mpanda mlima Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu pale Lenana usiku ule ule, na picha za bendera ile mmeziona. Siku hizo hizo kulikuwa na wapiganaji waliokuwa bado msituni upande wa Meru pamoja na kiongozi wao Musa Mwariama, wakashuka nywele zikiwa zimewafika mabegani. Wengine wakipanda na bendera, wengine wakishuka, mlima ni mmoja. Napenda kulitaja hilo kila ninapopata watu wa kunisikiliza.

Sasa kosa langu.

Nilikuwa kijana, nina nguvu, na nilipewa kundi la wageni waliotaka kupita Burguret kwa siku chache kuliko inavyotakiwa. Kampuni iliyonituma ilikuwa imeshapokea pesa. Nilipaswa kukataa. Nilikubali. Tulikuwa na mapanga mawili, mimi mbele na kijana mwingine nyuma yangu, na tulifyeka kwa haraka tukiwa tumesimama wima: panga linashuka kwa mshazari, mwanzi unakatika kimo cha goti, unausukuma, unakwenda. Hivyo ndivyo mtu mwenye haraka anavyokata. Tulifika juu, wageni wakafurahi, nikasifiwa. Tuliporudi kwa njia ile ile siku ya nne ilikuwa mvua. Mpagazi mmoja, kijana mdogo kuliko mimi, aliteleza na mzigo mgongoni akaanguka mbele. Mwanzi niliokata ulimwingia kwenye msuli wa paja.

Tulimbeba kwa mianzi miwili na shuka mpaka Gathiuru, usiku, tukipokezana wanne wanne. Alipona, ashukuriwe Mungu, ingawa anachechemea kidogo wakati wa baridi, na tumebaki marafiki. Nilipofika nyumbani nilimsimulia shosho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: mliikata vipi? Nikamwonyesha kwa mkono. Akaangalia ule mkono wangu unavyoshuka, akaniambia, "Hivyo ndivyo tulivyoikata ya handaki."

Tangu siku hiyo mwanzi naukata nikiwa nimepiga goti. Chini kabisa, usawa wa udongo, sawa kama meza, halafu naukanyaga kwa kisigino kuhakikisha hakuna ncha. Unachelewa. Mgongo unauma. Kila kijana niliyemfundisha kazi hii nimemfundisha kupiga goti kwanza, na akinikuta nimesimama ana ruhusa ya kuninyang'anya panga. Wapo hapa, waulizeni.

Na kupiga goti kumenifunza jambo ambalo sikulitegemea. Njia inayokwenda taratibu ndiyo inayomfikisha mtu juu akiwa mzima. Mlima wetu ni mrefu na barabara zinafika mbali, kwa hiyo mtu anaamka Nairobi, anapelekwa kwa gari mpaka mita 3,000, kesho yake anataka kulala mita 4,200. Kichwa kinamgonga, anatapika, na wengine maji yanajaa kwenye mapafu. Nimewashusha watu hao kwa mabega haya. Burguret haikupi nafasi hiyo ya kujiua. Mianzi inakushika, inakulaza chini, inakulaza tena, na siku unapotoka juu mwili umeshazoea hewa nyepesi bila wewe kujua. Lakini hata huku mtu anaweza kuugua. Siku moja pale Highland Castle, mita kama 3,700, bwana mmoja hodari sana alianza kujibu maswali polepole na kukosa hatua kama mlevi. Alisisitiza yuko sawa. Niligeuza kundi zima. Alinikasirikia mpaka tulipofika kwenye mianzi, ndipo akili ikamrudia, akanishika mkono. Waelekezi vijana, mtu akianza kuyumba, msijadiliane naye. Shukeni.

Ukitoka kwenye mianzi, jamani, hakuna maneno. Mbingu inarudi yote kwa mara moja. Kuna mihagenia mizee yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia, halafu vichaka vya erika vinavyokuzidi urefu, halafu nyasi za vishungi na lobelia. Alfajiri moja inameni juu ya lobelia, ile fupi iliyojikunja kama kabichi kubwa. Imehifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku yameganda juu, kipande cha barafu chembamba kama kioo cha saa. Kiinue kwa kucha: chini yake maji hayajaganda, na ndimo lile chipukizi lake limejificha baridi isiliue. Ndege chozi wa kijani anakuja kutafuta wadudu, hakuogopi. Nimekaa mbele ya lobelia moja hadi chai ikapoa mkononi.

Kisha Hut Tarn, na vilele viwili vimesimama ndani ya maji. Vilele hivyo na Lenana vilipewa majina na Mwingereza Halford Mackinder mwaka 1899, kwa heshima ya malaibon, yaani viongozi wa kiroho, wa Wamaasai: Mbatian, Neilieng na Olonana. Mackinder alifika Batian tarehe 13 Septemba mwaka huo pamoja na waelekezi wake wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Wawili hao wana barafu zao kule juu, Cesar na Joseph, na mpaka leo ziko kwenye ramani kwa kiasi zilichobaki. Msafara ule ulikuwa na Wazungu sita. Ulikuwa pia na Waswahili 66 waliotoka pwani na Wakikuyu 96. Watu wa pwani, waliokuwa hawajawahi kuona barafu, walibeba mahema na chakula na vifaa vya kupimia, na wengine hawakurudi kwao. Nimeipekua ramani ya mlima huu kwa miaka mingi nikitafuta jina la mmoja wao. Jiwe, kijito, korongo, chochote. Sijaliona.

Kwa hiyo mkiniuliza nataka nini juu ya Burguret, kwanza nataka wapagazi wake watajwe. Mkiandika mliyoyaona huko, andikeni majina ya waliowabebea, kama wamekubali. Mizigo ipimwe kwa mizani pale Gathiuru, isikadiriwe kwa jicho la mtu anayetaka kuokoa ujira wa mpagazi mmoja. Mpagazi asiyekuwa na koti la mvua na buti asivushwe mianzi, hata kama amekubali mwenyewe, kwa sababu mwenye njaa hukubali lolote.

Pili, sitaki njia hii ipanuliwe. Najua wapo hapa wanaofikiria vibanda, vibao, na changarawe. Nawaheshimu, wanatafutia vijana kazi, na kazi hakuna. Lakini njia tatu zenye malango tunazo. Hii tuiache iwe ya watu wachache kwa wakati mmoja, katika miezi ya ukavu, Januari na Februari, na kuanzia Julai mpaka Septemba, na ndovu wapate nafasi yao mvua zinaponyesha. Upana wake uwe bega la mtu mmoja mwenye mzigo. Kufyeka kufanywe kwa kibali, maana ule ni msitu wa serikali na juu yake ni hifadhi ya taifa tangu 1949. Kibali kwanza, panga baadaye. Na mtu asiende peke yake. Kanuni za hifadhi haziruhusu, na hata kama zingeruhusu, mimi singemruhusu mwanangu.

Tatu, na hili nawaomba vijana wa Gathiuru hasa: tafuteni kile kisiki. Shosho alinieleza kilivyo, mutarakwa uliopigwa na radi, karibu na mahali mto unapopinda mara mbili. Nimekitafuta, na mashamba yamepita pale, na misipresi imepandwa na kuvunwa na kupandwa tena. Labda hakipo. Lakini wapo akina shosho wengine katika vijiji hivi, wana miaka tisini na zaidi, na kila mmoja wao anajua kipande chake cha njia: kutoka mlangoni kwake mpaka alipoacha kiondo. Vipande hivyo vikiunganishwa, tutapata ile njia ya chini iliyokatwa na handaki. Chukueni simu zenu, nendeni mkawarekodi wiki hii. Wapelekeeni sukari na majani ya chai. Msiwahoji kama polisi. Kaeni, menyeni viazi nao, watasema.

Tunapanda tena Januari, wiki ya pili. Kibali tumeomba. Tutakuwa watu wanane pamoja na wapagazi, na yule rafiki yangu anayechechemea anakuja, amesema atafika mpaka mapangoni na kutusubiri pale. Tunaondoka Gathiuru saa kumi na mbili asubuhi. Mapanga tunayo matatu. Namhitaji mtu wa nne ambaye magoti yake ni mazima.